Masharubu ya Punje

Sogeeni, wenye masikio na wenye masharubu, msikie yaliyotokea Mwanza.

Sebuleni kwao Nyamizi kulikuwa na tangi la kioo, lenye samaki. Pampu ya hewa ilisema bu-bu-bu, bu-bu-bu.

Ndani aliishi samaki aitwaye gogogo, mwenye madoadoa, miiba mikali na masharubu. Nyamizi alimwita Mzee Nuna, kwa sababu hakucheka hata siku moja.

Mzee Nuna alipenda kulala ndani ya chungu kilichopasuka. Ukimtoa majini, alilalamika: go-go-go.

Waliishi humo pia kambale wawili wadogo, wadogo kabisa. Hata wakikua vipi, hawapiti kidole gumba. Mmoja aliitwa Punje, mwingine Chenga.

Punje na Chenga walichokora mchanga kwa masharubu yao: chu-chu-chu.

Nyamizi aliwatazama, akasema:
"Masharubu huku, masharubu huku. Wote ni ndugu."

Jumamosi moja, Baba alirudi na ndoo. Alitoka kwa Shangazi Kabula, anayefuga samaki bwawani.

Ndani ya ndoo alikuwamo kambale mweusi, mrefu kama mkono wa Nyamizi. Mdomo wake ulikuwa mpana, mpana sana.

"Baba, huyu naye ana masharubu," alisema Nyamizi.

"Tena marefu," alisema Baba. "Basi aingie kwa wenzake."

Chubwi. Kambale akaingia. Nyamizi akasema:

"Masharubu huku, masharubu huku. Wote ni ndugu."

Kambale alizunguka tangi. Akamtazama Chenga. Akamtazama Punje. Akafungua mdomo: hap.

Chenga alikimbilia nyuma ya majani. Mchanga ukatibuka. Maji yakawa kama chai ya maziwa.

Maji yalipotulia, Punje hakuonekana.

"Punje," aliita Nyamizi. "Punje, uko wapi?"

Bu-bu-bu, ilisema pampu. Punje hakuonekana.

Baba alikimbia kumwita Shangazi Kabula. Shangazi alifika, akachungulia, akashika kiuno.

"Kaka, umemweka huyu na samaki wa ukubwa wa karanga? Kwake hao ni chakula cha jioni."

"Lakini wote wana masharubu," alisema Nyamizi.

"Baba yako naye ana masharubu," alisema Shangazi. "Tumtie tangini?"

Baba alifunika masharubu yake kwa mkono. Nyamizi alitaka kucheka, lakini akalia.

Shangazi akaacha utani. Alichukua wavu, akamvua kambale taratibu, akamrudisha kwenye ndoo.

"Njoo, tumtafute Punje," alisema.

Walitafuta nyuma ya majani. Punje hayupo. Walitafuta chini ya jiwe. Punje hayupo.

Nyamizi alipiga magoti, akachungulia ndani ya chungu.

Mzee Nuna alikuwa amejaa mlangoni. Miiba yake ilisimama wima. Hakuna mdomo ambao ungepita pale.

Nyuma ya mkia wake, kitu kilitikisika. Kilikuwa sharubu. Sharubu dogo, dogo kabisa.

Nyamizi alisubiri. Mzee Nuna akashusha miiba. Akasogea pembeni kidogo.

Punje akatoka. Chu-chu-chu.

"Asante, Mzee Nuna," alinong'ona Nyamizi.

Mzee Nuna hakucheka. Alinuna tu.

Jioni, wote watatu walimpeleka kambale bwawani. Kule kulikuwa na tope jingi na kambale wenzake, wenye midomo mipana kama yeye. Chubwi. Akazama kwa furaha.

Waliporudi nyumbani usiku, Shangazi alimfunika Nyamizi shuka.

"Haya, niambie," alisema, akimfinya pua. "Wenye masharubu bado ni ndugu?"

Nyamizi alifikiri. Alipiga mwayo mrefu.

"Ni ndugu, Shangazi. Lakini si lazima walale chumba kimoja."

Shangazi alicheka, akazima taa.

Sebuleni, pampu ilisema bu-bu-bu, bu-bu-bu. Na Nyamizi akalala.