Nakijwa na Ndiva Inayovuja

Nakijwa alisoma darasa la pili, katika shule iliyo juu ya milima ya Upare. Asubuhi, ukungu uliingia darasani bila kubisha hodi.

Nakijwa alikuwa na sauti ndogo. Akiitika "Nipo, Mwalimu," ni dawati lake tu lililomsikia.

Siku moja Mwalimu Mbonea alisema, "Leo historia ya kwetu hatutaiandika. Tutaijenga."

"Kwa matofali, Mwalimu?" aliuliza Kajiru. Kajiru hakukosa swali.

"Kwa udongo, Kajiru. Kwa mikono yenu hiyo hiyo inayonata kwa miwa."

Basi nyuma ya darasa wakajenga mlima mdogo. Kila mtoto akapewa kitu cha zamani cha kujenga.

Kajiru akajenga karakana ya mhunzi, mahali pa kufulia majembe. Ko! Ko! Ko!

Nambike akajenga nyumba ya nyasi, ya duara kama kofia.

Na Nakijwa? Nakijwa akapewa ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la mlimani. Usiku hukusanya maji ya kijito. Asubuhi watu hufungua kilango, na maji hushuka kwenye mfereji mpaka mashambani.

Watu wa zamani ndio walioanza kujenga ndiva. Mpaka leo zipo, na mpaka leo tunakula kwa maji yake.

Chini ya ule mlima mdogo palikuwa na shamba dogo, dogo kama sinia. Maharage waliyoyapanda wiki iliyotangulia yalikuwa yameota humo, kila moja na majani mawili.

"Kesho wazazi watakuja kuona," alisema Mwalimu. "Ndiva ya Nakijwa ndiyo itakayonywesha maharage yetu."

Moyo wa Nakijwa ukaruka. Du!

Akajenga ukuta wa udongo. Akaulainisha kwa kidole. Akachukua kopo, akamimina maji.

Chiriri, chiriri, chiriri!
Maji yakakimbia, ndiva ikabaki kavu.

"Nikusaidie?" aliuliza Kajiru.

"Naweza mwenyewe," alisema Nakijwa. Aliona haya. Ndiva ilikuwa kazi yake.

Akaziba kwa mchanga. Akamimina maji.

Chiriri, chiriri, chiriri!
Maji yakakimbia, ndiva ikabaki kavu.

"Nikuletee mawe?" aliuliza Nambike.

"Naweza mwenyewe."

Akaziba kwa jani la mgomba. Akalikandamiza kwa viganja vyote viwili. Akamimina maji.

Chiriri, chiriri, chiriri!
Maji yakakimbia, ndiva ikabaki kavu.

Jua likawaka. Majani ya maharage yakaanza kulegea, kama masikio ya mbuzi aliyechoka.

"Mimina tu kwa kopo," alisema Nambike. "Nani atajua?"

Nakijwa akatikisa kichwa. "Hiyo si historia," alisema. "Hilo ni kopo."

Hata hivyo, aliyamwagia maharage maji kidogo, yasife kwa kiu. Kisha akaenda nyumbani polepole, akiburuta miguu.

Nyumbani, Mama alikuwa anapika makande. Tokoto, tokoto, chungu kilisema.

Nakijwa akakaa karibu na moto. "Mama," alisema, "yule mtu aliyejenga ndiva yetu ya kule juu, alikuwa na nguvu sana?"

"Mtu gani?" Mama alishangaa.

"Yule aliyeijenga."

Mama akacheka mpaka mwiko ukatikisika. "Jamani! Mtu mmoja? Angejenga peke yake angekuwa anajenga mpaka leo, na ndevu zimefika magotini."

Nakijwa akacheka kidogo. Kidogo tu.

"Baragumu lilipigwa, mwanangu," alisema Mama. "Puuu! Walio juu wakashuka, walio chini wakapanda. Wakaukanyaga udongo kwa miguu, huku wanaimba. Ndivyo ndiva ilivyojengwa. Na ikivuja, baragumu hulia tena."

"Na yule anayelipiga, haoni haya kuita watu?"

"Haya?" Mama akaonja makande. "Haya haipikwi chunguni, mwanangu. Leta sahani."

Nakijwa akala makande. Akala, akawaza. Akawaza, akala.

Asubuhi aliamka mapema. Nyuma ya nyumba palikuwa na mpapai. Akachuma jani moja lenye kikonyo kirefu, chenye tundu katikati.

Akakata jani, akabaki na kikonyo. Sasa alikuwa na baragumu.

Alipofika shuleni, alisimama kando ya mlima mdogo. Akavuta pumzi, akapuliza.

Pss.

Hakuna aliyegeuka. Kuku mmoja tu.

Nakijwa akayatazama maharage. Akavuta pumzi nyingi, mpaka mashavu yakawa kama mapapai mawili.

PUUUUU!

Uwanja mzima ukageuka.

"Nani amekanyaga mbuzi?" aliuliza Kajiru.

Watoto wakaangua kicheko. Nakijwa alitaka kukimbia. Lakini hakukimbia.

"Ni baragumu," alisema. "Ndiva yangu inavuja. Nimejaribu na nimeshindwa. Tafadhali, njooni tuijenge."

Kajiru akakunja suruali yake. "Ungesema jana! Miguu yangu ilikuwa inawasha kwa hamu ya matope."

Wakaja kina Kajiru. Wakaja kina Nambike. Wakaja hata watoto wa darasa la kwanza, ambao hawakuitwa na mtu, ila waliona matope.

Wengine wakaleta udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata. Wengine wakaleta maji. Wengine wakaleta kelele.

Wakavua viatu. Wakaukanyaga udongo.

Kwata, kwata, kwata!
Kanyaga, mwenzangu, kanyaga!

Kwata, kwata, kwata!
Kanyaga, mwenzangu, kanyaga!

Udongo ukawa laini kama ugali. Wakautumia kujenga ukuta mnene. Nambike akapachika mawe madogo. Kajiru akaweka kijiti kuwa kilango.

"Mimina, Nakijwa," alisema Nambike.

Nakijwa akamimina maji. Kila mtoto akaziba mdomo kwa mkono.

Wakasikiliza.

Kimya.

Hakuna chiriri. Maji yalitulia ndani ya ndiva, na wingu dogo likajiona humo.

"Yamekaa!" alisema Nakijwa. "Yamekaa! Yamekaa!"

Safari hii si kuku peke yake aliyesikia.

Saa ya wazazi ikafika. Mama alikuja na kanga yake ya sikukuu. Wazazi wakauzunguka mlima mdogo, wakachungulia nyumba ya nyasi na karakana ya mhunzi.

"Haya, Nakijwa," alisema Mwalimu.

Nakijwa akachomoa kijiti.

Maji yakatoka. Yakashuka kwenye mfereji, churu, churu, churu. Yakapinda kona. Yakaruka kijiwe. Yakaingia shambani, yakagusa mguu wa kila haragwe.

Wazazi wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Ndiva nzuri hii!" alisema baba yake Kajiru. "Kaijenga nani?"

Nakijwa aliinua mguu wake mmoja. Ulikuwa mwekundu kwa udongo.

Kajiru akainua wake. Nambike akainua wake. Darasa lote likasimama kwa mguu mmoja, mpaka watoto wa darasa la kwanza wakaanza kuanguka. Pu! Pu!

Mwalimu Mbonea alicheka mpaka akafuta machozi. Naye akavua kiatu kimoja, akainua mguu. Alikuwa ameukanyaga udongo asubuhi, kimyakimya, nyuma ya wengine.

"Asante, Mwalimu," alisema Nakijwa.

"Asanteni ninyi," alisema Mwalimu. "Leo nimefundishwa."

Jioni Mama alimwosha Nakijwa miguu kwa maji ya vuguvugu. Maji kwenye beseni yakawa mekundu.

Nakijwa akapanda kitandani. Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mungu, asante kwa Kajiru," alisema Nakijwa. "Asante kwa Nambike. Asante kwa udongo unaonata. Asante kwa watu wa zamani, hata kama sijui majina yao."

Akapiga mwayo.

"Asante kwa darasa la kwanza, ingawa walinimwagia matope. Asante kwa Mama. Asante kwa…"

Lakini hakumaliza. Usingizi ulimchukua.

Na kule shuleni, nyuma ya darasa, kilango kilikuwa kimefungwa. Mvua ndogo ilinyesha, to, to, to. Ndiva ikajaa taratibu, ikiyawekea maharage maji ya asubuhi.