Dawa ya Shamba Isilale na Watoto

Nyumba ya Yuliana huko Chamazi ilikuwa na vyumba viwili tu. Uvungu wa kitanda ndio ulikuwa ghala. Humo mlikuwa na majembe matatu, panga, mbegu za kunde na kopo la samli. Lakini samli ilikwisha siku nyingi. Ndani ya kopo mlikuwa na dawa ya unga ya kuua wadudu. Mfuko wake wa karatasi ulichanika, Yuliana akaona kopo litafaa.

Mwaka ule watu wote walihimizwa kulima. Yuliana alilima mihogo, kunde na mchicha nyuma ya nyumba. Mumewe, Kasimiri, alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala. Kutwa alikaa uani na tezo lake na gogo la mpingo. Watoto wao watatu walimzunguka, wakiokota vibanzi vya kukokea moto.

Asubuhi moja Yuliana alikuwa anachambua mchicha. Mara akasikia kimya. Mwenye watoto anajua kimya cha namna ile. Akaacha mchicha, akaingia ndani.

Yustina, binti yake wa miaka minne, alikuwa amekaa sakafuni. Kopo lilikuwa katikati ya miguu yake. Ametia unga kwenye kifuu, ametia na maji, anakoroga kwa kijiti.

"Napika uji, mama," akasema. "Mtoto wangu wa matambara ameshakula. Sasa zamu yangu."

Yuliana alimpokonya kile kifuu. Akamwosha mikono kwa sabuni, akamwosha tena, kisha akambeba mbiombio mpaka zahanati. Kopo alilibeba pia, limefungwa ndani ya kitambaa, ili waione dawa yenyewe. Mganga alimtazama mtoto mdomoni na machoni. Akamweka pale mpaka mchana.

"Hajala," akasema mganga. "Umewahi, mama. Angeonja, tungekuwa tunazungumza mengine."

Yuliana alirudi nyumbani na mtoto. Akalitundika kopo juu kabisa, kwenye boriti ya paa.

"Hii dawa itoke humu ndani, baba Yustina. Mie sitapata usingizi."

"Basi tununue kibanda," Kasimiri akasema. "Hashil, yule mwenye duka, anauza kibanda cha mbao za masanduku. Kipana, kina bati. Watu sita wanakibeba, wanakileta hapa. Mvua ikinyesha, mie nakaa humo nachonga. Majembe humo, dawa humo. Yamekwisha."

Yuliana alikaribia kukubali. Alitaka dawa itoke hata saa ile ile.

Kesho yake akapita bwana shamba, Elinaza, na baiskeli yake. Yuliana akamwita, akamweleza yote, hata lile la kopo, ingawa aliona haya.

"Kibanda cha Hashil nakijua," Elinaza akasema. "Ni kizuri. Kununua si kosa. Lakini nani atakaa humo?"

"Mie," akajibu Kasimiri.

"Na wewe ukikaa humo, nani mwingine atakuja?"

Yuliana akatazama uani. Watoto wote watatu walikuwa miguuni pa baba yao, wanagombea vibanzi.

"Hawa," Yuliana akasema. "Watamfuata humo humo. Tutakuwa tumewahamisha watoto na dawa pamoja."

"Nitawafukuza," akasema Kasimiri.

"Wewe? Juzi mwanao amekukalia mguu mpaka kinyago kikatoka na sikio moja. Ulimfukuza?"

Elinaza akacheka. Kisha akasema polepole, "Hata wewe mwenyewe, bwana Kasimiri. Utakaa kutwa unavuta vumbi la dawa chini ya bati la moto? Dawa inataka nyumba yake peke yake. Iwe mbali na kisima na jiko. Iwe na matundu ya hewa chini ya paa, na rafu ya juu kuliko kichwa. Mlango uwe na kufuli. Mbegu na chakula visiingie. Miti mnayo, udongo mnao. Jengeni. Nunueni bawaba na kufuli tu."

"Na hili kopo?" Yuliana akauliza.

"Chombo cha chakula hakiwekwi dawa, mama. Mgeni atafungua akidhani samli. Mie nitakuletea mkebe wenye maandishi yake. Hili likitoka dawa, litobolewe. Lisirudi jikoni, hata uliosheje."

Kasimiri alinuna. "Fundi wa mpingo mzima, nijenge kibanda cha matope." Lakini alikata miti. Yuliana akakanda udongo. Kasimiri alipoanza kuweka mlango mpana, Yuliana akamwambia aupunguze.

Jirani yao Albano alisimama kutazama. "Kasimiri, hiki cha kuku au cha mkweo? Mtu ataingiaje?"

"Asiingie," Yuliana akasema. "Anyooshe mkono, achukue, aondoke."

Kibanda kikaisha kwa siku nne. Ufunguo Yuliana aliufunga kwenye pindo la khanga. Majembe yakahamia huko pamoja na dawa, sasa ndani ya mkebe wa Elinaza. Mbegu zikabaki ndani, kwenye kibuyu chenye kifuniko. Uvunguni pakawa patupu, Yuliana akapafagia.

Kunde zilipoanza kutoa maua, wadudu wakaja. Kasimiri akavaa shati lake kuukuu, akafunga kitambaa puani, akaenda kunyunyiza. Alipomaliza, Yustina alimwona kwa mbali, akamkimbilia.

"Simama hapo hapo," Kasimiri akasema. "Usiniguse."

Mtoto akasimama. Baba yake hakuwahi kumwambia hivyo hata siku moja. Midomo ikaanza kumcheza.

Kasimiri akairudisha dawa, akafunga kufuli, akavuta mara mbili kuhakikisha. Akavua shati, akaoga kwa sabuni, kichwa mpaka vidole vya miguu, akavaa nguo nyingine. Yustina alikuwa bado amesimama pale pale alipoambiwa.

Ndipo Kasimiri akachuchumaa, akafungua mikono.

"Sasa njoo."