Sauti ya Safu ya Tatu

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni Jumamosi ile alasiri. Watu kama hamsini walijipanga safu tano, wote wakitazama upande mmoja, raba zikilia kwenye sakafu ya mbao. Mwalimu wao, mama mnene lakini mwepesi ajabu, alipaza sauti: "Nne kulia, nne kushoto, piga kofi, geuka!"

Ukumbi mzima ukageukia kulia. Mwanamume mmoja tu akageukia kushoto, akajikuta uso kwa uso na mwanamke wa safu ya tatu, pua zao nusura zigongane.

"Samahani, dada. Nimepotea njia."

"Unapoteaje, kaka, na watu hamsini wanakuonyesha?"

Mwanamume akacheka. Alivaa shati la kijani lililopigwa pasi likapigika. Alikuwa fundi wa miwani. Tangu baba yake afariki mwaka uliopita alijifungia ndani, mpaka shangazi yake akamwandikisha dansi la safu bila kumuuliza. Mwanamke naye aliburutwa na mdogo wake, bibi harusi mtarajiwa, aliyetaka wasimamizi wake wote wacheze pamoja. "Nisikuone umekaa kitini kama mgeni rasmi," alimwonya.

Kuanzia siku hiyo mwanamume akawa Kushoto, na mwanamke akawa Tatu.

"Tatu wangu, umelala?" Kushoto angempigia mchana, siku ambazo Tatu alikuwa akipumzika baada ya zamu ya kazi.

"Nilikuwa nimelala, Kushoto. Sasa siwezi tena."

"Basi simama, tufanye mazoezi. Weka simu sauti ya juu."

Naye angesimama sebuleni na kanga yake, akipiga hatua na mtu aliye upande wa pili wa mji, huku akijicheka. Alikuwa amesahau kwamba simu inaweza kuleta raha. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za dharura, saa nane kwa siku na visikilizi masikioni, akiongea na watu katika saa mbaya kuliko zote za maisha yao. Alimwambia Kushoto kwamba anafanya kazi ofisini, basi. Hakupenda kuileta kazi ile mahali pa furaha.

Wiki ya sita, wakinywa maji kwenye ngazi za ukumbi, Kushoto alimsimulia kifo cha baba yake. Mzee alianguka jikoni. Yeye akapiga simu ya dharura, na mwanamke mmoja akamwelekeza kumkandamiza kifua.

"Nikamuuliza gari la wagonjwa liko wapi. Akaniambia wamekaribia. Mara tatu, Tatu. Dakika arobaini! Jirani alikuwa na gari mlangoni, na hospitali ni dakika kumi. Ningejua ningembeba mwenyewe. Yule mwanamke sitamsamehe."

Chupa ya maji ikamponyoka Tatu mkononi. Alilikumbuka jiko lile ambalo hakuwahi kuliona, alilisikia tu kwenye simu: bomba lililokuwa likivuja, mtu akilia "Baba, baba." Alikumbuka pia kwamba alipotamka "wamekaribia" mara ya kwanza, hapakuwa na gari hata moja lililo huru.

"Vipi, mpenzi? Umebadilika rangi."

"Jua tu," akajibu.

Alipaswa kusema pale pale. Wiki mbili akawa anapokea simu zake kwa sauti ya chini, mara ana kazi, mara kichwa kinamuuma. Kila alipojiapia kwamba leo atamwambia, Kushoto alimwita kwa jina lile na ujasiri ukayeyuka.

"Kuna mtu mwingine?" siku moja Kushoto aliuliza. "Niambie, nijue moja."

"Hakuna."

"Basi ni nini?"

Tatu akakata simu.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na shingo imefungwa skafu, sauti imemkauka. Akamnyooshea Tatu kidole: yeye ndiye atakayehesabu. Tatu akakataa, watu wakashangilia, akasukumwa mbele. Muziki ukaanza. Safu ya nyuma ikajikanyaga, na kabla hajafikiri, ile sauti ya kazini ikamtoka, tulivu na kavu:

"Tano, sita, saba, nane. Usiache. Endelea. Uko vizuri, endelea."

Kushoto akasimama wima katikati ya safu. Wa nyuma yake wakamgonga, yeye asihisi. Alimtazama Tatu kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, kisha akageuka akatoka.

Tatu alimfuata mbio hadi barabarani.

"Ulikuwa wewe," Kushoto akasema.

"Nilikuwa mimi."

"Na gari lilikuwa limekaribia?"

"Hapana. Magari yote yalikuwa yamekwenda kuchukua majeruhi wa ajali. Niliogopa nikikwambia utakata tamaa, utaacha kumkandamiza. Sikujua kuhusu jirani. Sikukuuliza."

"Na wiki zote hizi?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Umenidanganya mara mbili," akasema, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Mwezi mzima ukapita. Tatu hakumpigia, aliona hana haki hiyo. Kazini, alipoulizwa gari liko wapi, alianza kusema ukweli: halijatoka, una usafiri mwingine? Msimamizi wake alimwita mara moja kumkanya. Hakuacha.

Siku ya harusi ya mdogo wake, wasimamizi walisimama safu moja kwa magauni ya zambarau. Tatu alipogeuka pamoja na wenzake alimwona Kushoto karibu na mlango, suti nyeusi, mikono mfukoni. Bibi harusi ndiye aliyemwalika kwa siri. Tatu akamaliza dansi kwa kubahatisha, kisha akamfuata Kushoto kwenye ukumbi mdogo wa nyuma palipopangwa viti vya akiba.

"Nilikwenda kwa daktari aliyempokea baba," Kushoto akaanza bila salamu. "Nilitaka aniambie kosa ni lako. Au si lako. Ameshindwa. Anasema ningemfikisha mapema, huenda angepona, huenda asingepona."

"Pole," Tatu akanong'ona.

"Hiyo 'huenda' nitaishi nayo siku zote. Nimejaribu mwezi mzima kuishi nayo peke yangu, nimeshindwa. Nijibu kitu kimoja. Unanipenda, au unanionea huruma?"

Maneno matamu yalimjia Tatu mdomoni, yale ya kumtuliza mtu. Akayameza.

"Vyote viwili," akasema. "Na huruma ndiyo iliyotangulia, tangu simu ile."

Kushoto alikaa kwenye kiti. Alifuta uso kwa kiganja, akavuta kiti cha pili, akakiweka mbele yake. Tatu akakaa, magoti yao yakagusana.

"Nikikuuliza kama utaolewa na mimi?"

Nje walikuwa wakimwita kwenye picha. Hakuinuka.

"Naogopa," akasema. "Naogopa siku utakayoamka unikumbuke kama sauti ile tu."

"Itakuja siku hiyo. Zitakuja nyingi."

"Siku hizo utaniambia?"

"Nitakwambia."

Tatu akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa baridi.

"Basi ndiyo," akasema.