Kuvitafuta Vidole vya Osmonaly

Kila asubuhi Kanyshai alikamua ng'ombe wawili, akatenga krimu, akawasha samovari ya kuchemshia maji ya chai. Kisha alimmiminia mama mkwe wake chai nusu kikombe, kama anavyomiminiwa mtu anayetakiwa akae. Mama mkwe huyo aliitwa Sairakan. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na jicho moja tu lililoona vizuri.

"Niwekee mzee," Sairakan alisema, kama alivyosema jana na juzi.

Kanyshai aliegemeza simu kwenye chupa ya jamu, akafungua video. Osmonaly, mume wa Sairakan, alitokea amekaa mbele ya hema, kule malishoni, akipiga komuz, ala ya nyuzi. Alikuwa amefariki vuli iliyopita. Video ilikuwa ya dakika tatu na nusu, nayo picha yake ilikuwa ndogo kuliko kipande cha mkate.

Sairakan alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Naona kofia," alisema. "Mikono iko wapi?"

"Ipo, mama. Ila imekuwa ukungu."

Mikono ndiyo iliyotakiwa. Osmonaly alikuwa ametunga wimbo mmoja wa komuz, wimbo wa farasi wake jike wa kijivu. Hakuna mwingine katika wilaya nzima ya At-Bashy aliyeupiga. Komuz ina nyuzi tatu tu, lakini mpigaji hupiga kwa kucha, kwa kidole gumba na kwa ubavu wa mkono. Mara mkono huruka juu, huzunguka hewani, hurudi kwenye nyuzi bila kuchelewa. Mwenye kusikia tu hupata nusu ya wimbo. Nusu ya pili huonwa kwa macho.

Begimai, mjukuu wake wa miaka kumi na minne, alikuwa akijifunza wimbo huo ili aupige siku ya hitima ya mwaka. Zilibaki wiki tatu.

"Bibi, hapa sauti inaruka," Begimai alisema akiwa na komuz mapajani. "Sijui babu anapiga kwa gumba au kwa kucha. Kila nikijaribu inatoka kama mtu anagonga sufuria."

"Hata mimi nimesahau," Sairakan alisema. Hilo ndilo lililomsumbua. Aliishi na mikono ile miaka hamsini, na sasa hakuweza kueleza ilikuwa ikifanya nini.

Kubat, mwanawe, alikuwa mlangoni akivaa viatu vya mpira.

"Video nzuri ilikuwepo," alisema. "Nimeitafuta kwenye kompyuta siku mbili usiku. Nimeandika jina la baba herufi kwa herufi. Hakuna kitu." Alimtazama mkewe. "Uliifuta."

"Sikuifuta," Kanyshai alisema.

"Basi imeota mabawa?"

Tangu wiki iliyopita maneno hayo yalikuwa yamerudiwa mara nyingi. Sairakan aliona jinsi mkaza mwana wake alivyokuwa akikunja vitambaa vilivyokwisha kunjwa. Kufuta sauti ya marehemu si tuhuma ndogo katika nyumba ya mume.

Siku hiyo hiyo Burul alikuja na chupa yake kununua krimu. Burul alikuwa mkutubi wa kijiji, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka hapo. Maktaba yake ilikuwa na vitabu vingi, kompyuta nne, na jiko la makaa lililopendwa kuliko vyote. Alimkuta Sairakan akiitazama simu tena.

"Mama, samahani," Burul alisema akichungulia. "Huyu ni mzee wetu au ni uji wa ngano?"

Sairakan alicheka. Alikuwa hajacheka muda mrefu. "Ni mzee. Amepikwa sana."

"Nani alirekodi?"

"Mimi," Kanyshai alisema.

"Kwa simu hii?"

"Kwa ile nyekundu iliyoangukia mtoni."

"Kabla haijaanguka, ulihamisha vitu vyake?"

"Nilihamishia kwenye kompyuta. Nakumbuka ilikuwa siku tulipoteremka kutoka malishoni."

"Na hii ya uji umeipata wapi?"

"Kwenye kundi la familia. Wifi yangu aliituma kutoka mjini Bishkek."

Burul alisimamisha video, akaikuza kwa vidole viwili. Juu ya bega la Osmonaly kulikuwa na kivuli cha buluu chenye umbo la birika.

"Hili birika ni la nani?"

Kanyshai aliinama kutazama. "La wifi. Zawadi ya harusi yake."

"Basi wifi yako ameirekodi simu kwa simu nyingine, na birika likajiona kwenye kioo. Hata wa kwanza kuituma hakutuma yote. Programu za kutumiana ujumbe huibana video ili iwe nyepesi. Ukibonyeza tu mshale na kuipeleka mbele, kwa kawaida haibanwi tena. Lakini mtu akiihifadhi, akaikata mwanzo, akaipandisha upya, inabanwa mara ya pili. Mwingine akifanya hivyo, mara ya tatu. Ni kama kuongeza maji kwenye majani yale yale ya chai. Mwisho unakunywa maji ya moto."

"Kwa hiyo hii haiwezi kusafishwa?" Sairakan aliuliza.

"Haiwezi, mama. Kilichotupwa kimetupwa. Tunayotakiwa kuitafuta ni ile ya kwanza."

Kubat aliingia aliposikia maneno hayo. "Nimeshatafuta, dada Burul. Haipo."

"Uliandika nini?"

"Osmonaly. Jina la baba. Ningeandika nini kingine?"

"Faili alilipa jina nani?"

"Mke wangu."

Burul alimgeukia Kanyshai. "Mdogo wangu, una miaka mingapi katika nyumba hii?"

"Kumi na sita."

"Umewahi kulitamka jina hilo?"

"Mungu apishe mbali," Kanyshai alisema, na uso ukamwiva.

Sairakan alipiga goti lake kwa kiganja. Miaka hamsini katika nyumba hii, na yeye mwenyewe hakuliona jambo hilo. Mke aliyeolewa hawataji wakubwa wa mumewe kwa majina. Huwabandika majina mengine. Yeye baba mkwe wake alimwita Mwenye Ndevu, hata posta. Karani alipouliza pensheni ni ya nani, alikuwa akishika kidevu chake, na karani alijua bahasha ya kumpa.

"Kubat," alisema, "umemtafuta baba yako kwa jina ambalo mkeo hawezi kuliandika hata umpige fimbo. Kisha unamwita mwizi."

"Sikusema mwizi, mama."

"Ulisema mabawa."

Kompyuta mpakato ililetwa mezani. Kanyshai alijaribu kukumbuka. "Labda niliandika 'baba'. Labda 'mzee'. Ni miaka minane."

"Tusitegemee kumbukumbu," Burul alisema. "Jina ni njia moja tu ya kutafuta. Kompyuta inajua mengine. Inajua kama faili ni video au picha. Inajua ukubwa wake. Inajua tarehe. Ilikuwa lini?"

"Kiangazi. Begimai alikuwa hana meno ya mbele."

"Nilikuwa na miaka sita," Begimai alisema. "Ni 2015."

Burul alimpa Kanyshai kiti. "Kaa wewe. Mimi nikibonyeza, kesho utanifuata tena. Chagua aina, video. Sasa tarehe. Anza Juni, maliza Septemba. Mwaka 2015. Sasa zipange kwa ukubwa, kubwa ije juu."

Yalitokea mafaili kumi na moja. La kwanza lilikuwa harusi ya jirani. La pili lilikuwa kondoo wakinyolewa. La tatu liliitwa "Mzee wa Nyumba Kubwa".

Kanyshai alifunika mdomo kwa mkono. Nyumba kubwa ndiyo nyumba ya wakwe, na mzee wake ni mmoja tu.

Alibonyeza. Nyuzi tatu zililia, na kila uzi ulionekana.

Kubat alisimama. Alichukua ndoo ya maji, ambayo haikuwa kazi yake, akaelekea mlangoni.

"Hiyo imejaa," Sairakan alimwambia.

Kubat aliitazama ndoo. Aliiweka chini. "Kanyshai," alisema, "nilikosa."

"Haya," Kanyshai alisema. "Sogea, unamzibia mama."

Lakini Sairakan bado hakuona vizuri. Kioo cha kompyuta kilikuwa kikubwa kuliko cha simu, ila jua la mchana lilimpiga machoni. Ukutani, mkabala na mlango, kulikuwa na runinga pana ambayo Kubat aliinunua kwa kondoo wanne.

"Ile imeletwa hapa kutazama mieleka peke yake?" Burul aliuliza.

Alikwenda nyumbani kwake akarudi na waya mnene. Ncha moja aliichomeka kwenye tundu la kompyuta lililoandikwa HDMI. Ncha ya pili akamwachia Begimai aitafutie tundu lenye maandishi hayo hayo nyuma ya runinga.

"Ukichomeka tu haitoshi," Burul alisema. "Runinga ina matundu mengi. Iambie isikilize lipi. Shika rimoti, bonyeza kitufe cha chanzo, chagua HDMI moja. Kwa njia hii kompyuta ndiyo inayocheza video. Runinga ni dirisha tu. Haihitaji intaneti hata kidogo."

Kanyshai alivuta pazia. Osmonaly alitokea ukutani, karibu kwa ukubwa wake mwenyewe.

Sairakan alikaa wima. Aliona kovu la kamba kwenye kiganja cha kushoto. Aliona ukucha wa kidole cha shahada, ambao mzee aliuacha mrefu kwa ajili ya nyuzi na ambao yeye aliulalamikia kila mwaka. Mkono wa kulia uliruka, ukazunguka, ukarudi. Pembeni mwa picha ulipita mkono wa mwanamke ukimimina maziwa ya farasi. Ulikuwa mkono wenye nguvu, haukutetemeka. Ilimchukua muda kuutambua kuwa wake.

"Rudisha nyuma," Begimai alisema. "Polepole. Hapo. Simamisha." Alikaribia runinga na komuz yake. "Si gumba wala kucha. Ni ubavu wa mkono. Bibi, anapiga kwa ubavu."

"Kwa ubavu," Sairakan alisema. "Kama anampapasa farasi shingoni. Kweli. Ndivyo ilivyokuwa."

Waliitazama mara tano. Chai ilipoa bila mtu kulalamika.

Siku ya pili Burul alirudi, kwa sababu Begimai alitaka kufanya mazoezi bila kuichukua kompyuta. Walinakili video kwenye flashi, wakaichomeka kwenye runinga. Runinga iliandika kwamba faili halifunguki.

"Imeharibika," Kubat alisema.

"Haijaharibika. Simu ile ya zamani iliandika video kwa aina ambayo runinga hii haijafundishwa kuisoma. Tutatengeneza nakala ya aina ya MP4. Runinga nyingi zinaijua. Nakala itapoteza kidogo, lakini jicho halitatambua. Ile ya kwanza hatuigusi wala hatuifuti."

Programu ya bure ilifanya kazi hiyo kwa dakika nne. Flashi ikafunguka.

"Sasa jina," Burul alisema. "Faili liitwe jina ambalo hata mtu mwingine atalipata. Andika nani, wapi, lini."

Kanyshai aliweka vidole kwenye herufi. Aliviondoa.

"Mwacheni," Sairakan alisema. "Maneno yake yabaki. Begimai ni damu yake, ataongeza yaliyobaki."

Begimai akaandika, bibi yake akimsomea kila neno: Mzee wa Nyumba Kubwa, Osmonaly, komuz, malishoni, Julai 2015.

Burul alitaka nakala tatu, na zisikae pamoja. Moja ilibaki kwenye kompyuta. Moja ilikaa kwenye flashi, ndani ya sanduku la Sairakan la nguo. Ya tatu walimtumia wifi Bishkek. Safari hii Kanyshai hakuchagua alama ya video. Alichagua alama ya hati, na faili likaenda zima bila kubanwa. Lilichukua muda mrefu kwenda.

"Wifi anasema sasa anaona hata nzi kwenye hema," Kanyshai alisema akisoma jibu.

"Mwambie asimrekodi na birika," Sairakan alisema.

Begimai alifanya mazoezi kila siku baada ya shule, mbele ya runinga, akisimamisha na kurudisha. Wiki ya kwanza alikosea mruko wa mkono. Wiki ya pili aliupata, akapoteza mdundo. Sairakan alikaa nyuma yake akishona, na sasa aliweza kusema: "Babu yako hapo alikuwa akipumua kwanza."

Siku ya hitima dua zilisomwa, farasi aliyechinjwa kama ilivyo desturi akaliwa. Baada ya nyama, wazee wa rika la Osmonaly walibaki kwenye zulia. Walikuwa wanne. Zamani walikuwa kumi na wawili. Begimai alikaa mbele yao akapiga wimbo wa farasi wa kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono wake uliruka, ukazunguka, ukarudi.

Sharshen, aliyechunga kondoo na Osmonaly miaka thelathini, aliunyooshea kidole mkono wa Begimai.

"Huo ubavu wa mkono," alisema. "Tangu azikwe sijauona. Nani kakufundisha, binti?"

"Babu," Begimai alisema.

Hakuna aliyembishia.