Kioo Kisichotaka Gazeti

Siku hiyo Cheche aliamka kabla ya jogoo, na kabla ya akili zake. Akapiga deki ukumbi, akaosha vyombo, kisha akaanza kumwuliza kila aliyepita ni saa ngapi. Jioni hiyo, saa kumi, dada yake mkubwa aliyekuwa muuguzi nchi ya mbali angewapigia simu ya video awaonyeshe mtoto wake wa kwanza.

Bibi ndiye aliyengoja kwa hamu kuliko wote. Macho yake yalikuwa yamechoka, na kwenye picha za simu ya mkononi kitukuu wake alimwona kama punje ya harage iliyofungwa kitambaa. Kwa hiyo shangazi, ambaye kazi yake ni kuchora mabango kwa kompyuta, aliruhusu watumie skrini yake bapa, pana kama trei ya watu kumi na wawili wenye njaa. Tangu asubuhi bibi alikuwa ameketi mbele yake na gauni jipya, kama abiria anayeogopa kuachwa na basi. Baada ya chakula cha mchana ndipo alipokubali kwenda kujinyoosha, akaagiza aamshwe mapema.

Hapo Cheche akaiona ile skrini vizuri. Ilijaa vumbi na alama za vidole.

Sasa, baba yake Cheche ni fundi wa vioo, na nyumbani kwao madirisha, makabati na vioo vya kujitazamia vyote husafishwa kwa njia moja: nyunyiza dawa ya vioo, kunjakunja gazeti, sugua mpaka kioo kilie. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Cheche alisugua vioo tangu hajafika dirishani bila kupanda kigoda. Akaona ni aibu mtoto mchanga aonekane kwenye kioo kichafu, tena katika nyumba ya fundi vioo. Akachukua chupa na gazeti la jana.

Akanyunyiza kwa mkono mkarimu. Dawa ikatiririka hadi kwenye ukingo wa chini, ikapotelea ndani ya fremu. Akasugua. Lakini kioo hiki hakikulia. Kilibonyea chini ya vidole kama utando wa maziwa. Pembeni kukatokea doa la ukungu. Kadiri alivyosugua, ndivyo lilivyozidi kutanuka.

“Umeiua,” ilisema sauti mlangoni. Alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi, aliyeitwa Kibogoyo tangu meno ya mbele yalipomtoka. Akamshauri aiwashe kwanza. Ikiwaka, hakuna kesi. Isipowaka, watasema umeme ulikatika ghafla.

Kidole cha Cheche kilikuwa tayari juu ya kitufe. Uongo ulikuwa mwepesi, tena umeshatengenezwa, yeye wa kuumeza tu. Akamkumbuka bibi na gauni lake. Je, isipowaka, bibi angemwona mtoto kwa huo uongo? Akaondoa kidole, akaenda uani ambako shangazi alikuwa akianika nguo.

“Shangazi, nimeharibu skrini yako. Ni mimi, si umeme.”

Shangazi alikuwa na vibanio mdomoni. Akavitema. “Umeiwasha?”

“Bado.”

“Basi twende, upesi.”

Akachomoa waya ukutani, akaiinamisha skrini mbele ili maji yasizidi kuingia, akakausha ukingo kwa kitambaa laini kama cha kufutia miwani. Huku akifuta, alieleza kwamba hiki si kioo cha dirisha. Juu yake kuna utando mwororo; gazeti huukwaruza na dawa huula. Maji yaliyoingia kwenye fremu yakikutana na umeme, skrini huenda ndiyo basi tena. Akaiweka mbele ya feni, akapiga marufuku kuigusa mpaka jua litue, akamwandikia dada yake Cheche kwamba simu isubiri hadi usiku, kisha akamtuma Cheche akamweleze bibi kwa kinywa chake mwenyewe.

Bibi alisikiliza akiwa kitandani. “Simu imesogezwa mbele kwa sababu yako?” Cheche akaitika kwa kichwa. “Mm. Basi nikunjie gauni, lisiharibike nalo.”

Jua lilipotua, shangazi alimpa Cheche kile kitambaa, kikavu. Safari hii alifuta polepole, bila kukandamiza. Doa gumu alilifuta kwa kuchovya ncha ya kitambaa katika maji safi na kukikamua. Vilipokauka vyote, shangazi akarudisha waya, akabonyeza kitufe. Nyumba nzima ikasogea karibu, hata Kibogoyo.

Ikawaka. Punde dada akatokea, na kifuani pake kitoto chenye nywele kama kimetoka kugombana na kinyozi. Bibi akasogea, akanyoosha kidole amguse shavu.

“Taratibu, mama,” shangazi alinong'ona.

“Ana pua yangu, huyu,” bibi alisema, na machozi yakamshuka bila kuomba ruhusa.

Simu ilipokwisha, Cheche alilitazama lile doa la pembeni ambalo halikutoka. Shangazi akamwekea mkono begani.

“Hilo litabaki, nami nitalizoea. Ujuzi wa kitu kimoja si ujuzi wa vyote, mwanangu. Usichokijua, uliza kabla ya kukishika. Na ukishakosea, sema mapema. Ungenyamaza ukabonyeza kile kitufe, sasa hivi bibi yako angekuwa anaangalia giza.”