Shuka la Odette

Kila alfajiri, Maman Honorine alipokwisha kujitwika beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na kushika njia ya mpakani kwenda kuuza Bukavu, binti yake Mwavita alilitoa shuka la mdogo wake, Odette, akalifua nyuma ya nyumba na kulianika mbali na macho ya majirani wa Kamembe.

Odette alikuwa na miaka minane na aliona aibu kukojoa kitandani. Alimsihi dada yake kwa machozi asimwambie mtu, na Mwavita akaapa. Kwa wiki tatu alikitunza kiapo hicho, ingawa aliona mengine pia: Odette alikunywa jagi zima la maji kwa mkupuo, na sketi yake ya shule ilikuwa ikimvuka kiunoni. Mama alidhani ni minyoo, akamnunulia dawa.

Alhamisi asubuhi Odette alitapika hadi akaishiwa nguvu. Alihema kama mtu aliyekimbizwa, na pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwavita alimfunga mgongoni kwa kitenge, akashuka naye barabarani, na mwenye pikipiki akawafikisha kituo cha afya. Kutoka hapo mama alipigiwa simu.

Muuguzi Mukamurenzi alipima malaria, hakuiona. Mama alipofika, aliulizwa kama mtoto alikuwa akinywa maji mengi au kukojoa mara kwa mara. Akajibu kwamba hapana, mwanawe hana tatizo hilo.

Mwavita alimtazama mdogo wake. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumwona mtu.

"Anakojoa kitandani kila usiku," akasema. "Wiki tatu sasa. Mimi ndiye ninayefua. Maman, nilimwahidi."

Muuguzi alimtoboa Odette kidole. Sukari ilikuwa nyingi hata kipimo kikashindwa kuisoma. Gari la wagonjwa likaitwa.

Hospitalini Odette alilala siku mbili bila fahamu. Daktari Muhigirwa alikataa kuwaahidi lolote. Mwavita alikaa sakafuni mlangoni, na mama alimpita bila kumtazama. Hilo lilimuuma kuliko kupigwa.

Siku ya tatu, adhuhuri, Odette alifumbua macho, akalalamika kwamba sindano inamuuma. Mama akapiga magoti palepale.

Daktari aliwaeleza kwamba mwilini kuna tezi zinazomwaga homoni ndani ya damu. Ya shingoni huongoza kasi ya mwili kutumia chakula. Zilizo juu ya figo humpa mtu nguvu ya kukimbia hatari. Kongosho, nyuma ya tumbo, hutoa insulini, inayoifungulia sukari njia ya kuingia kwenye misuli. La Odette lilikuwa limeacha kuitoa. Alikula, lakini mwili wake ulikufa njaa, na sukari ikapotea kwenye mkojo. Angedungwa insulini kila siku maishani, naye angesoma na kucheza kama wenzake.

Mwavita aliuliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyekaribia kumwua mdogo wake.

"Ugonjwa hukuuleta wewe," daktari akajibu. "Lakini siri yenu ilimchelewesha, na kama ungenyamaza hadi jioni, tungempoteza. Ahadi ya kuficha ugonjwa wa mtu haitunzwi, mwanangu. Sema siku ileile, hata akikuchukia."

"Na mimi mzazi nilipaswa kuuliza," mama akasema. Akamvuta Mwavita kando yake, akamwomba daktari awafundishe wote wawili kudunga ile sindano.