Shimo la Tableti

Mama Ernestine hakuchora mpango kwenye karatasi. Karatasi ina mdomo, alisema. Alichota unga wa mahindi kwa kopo, akaumwaga sakafuni, akachora kwa kidole.

"Hii nyumba yangu. Hii ukuta. Hii masomo." Kidole kikazama katikati ya unga, ndani ya uwanja wa shule. "Na hapa depo ya prefe. Tableti zote za batoto, zile za kusomea, ziko mule. Mwezi yenye kuya banazigawa."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma, kati ya magunia. Mama Ernestine mwenyewe, muuza unga, mwanamke ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Musafiri, dereva wa kamyoneti, gari dogo la mizigo, shingo nene kama mchi wa kutwangia. Kabemba, mchimbaji kijana, mikono haitulii. Na Nkulu, mkubwa wao wote katika mambo ya shimo. Aliingia ardhini hana ndevu. Sasa ndevu zilikuwa na mvi.

Hapo ni Kasulo, Kolwezi, kwenye watu waliochimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao. Kasulo, kuku akikwangua uani, jirani anamkamata kwanza amwangalie kucha. Shimo moja zaidi ndani ya nyumba ya mtu? Nani angeuliza?

"Nkulu na Kabemba banachimba," Mama Ernestine akaendelea. "Udongo inatoka mu mifuko ya unga. Musafiri anabeba. Mukifika chini ya depo, munangoja siku ya mulipuko. Mugodi ikipiga, munavunja sakafu. Nani atasikia nyundo?"

Hakuna ambaye angesikia. Mgodi wa jirani ulikuwa ukilipua miamba mchana kweupe, na kabla ya kulipua ulipiga ving'ora vitatu. Cha kwanza, malori yanatoka shimoni. Cha pili, akina mama wanashikilia masufuria. Cha tatu, dunia inaruka.

Fungu la Nkulu lilikuwa pikipiki mpya ya teksi. Ya kwake. Asishuke tena chini maisha yake yote. Lakini alikuwa na neno.

"Mama, binti yangu eko mu ile masomo. Abigaëlle, kalasi ya sita. Tableti yake moja tuache."

Musafiri alicheka mpaka unga ukapeperuka.

"Tuache moja? Na tuandike jina yake juu?"

"Polisi batafurahi sana, vieux," Kabemba akamwambia mzee wake. "Batafuata ile moja mpaka ku mulango yako."

Mama Ernestine hakucheka. "Utamununulia ingine. Utakuwa na ile pikipiki, utakuwa na makuta mu mufuko. Sasa basi, kamata mutarimbo."

Nkulu akaukamata. Nyumbani kwake, Abigaëlle alikwisha kufuta meza na kutandika kitambaa pale ambapo tableti ingekaa. Mama yake naye alikuwa akingoja, maana prefe, mkuu wa shule, alisema ndani yake mna masomo ya wazazi, hata ya kuandika jina. Nkulu alichimba juma baada ya juma huku akijiambia: ni kioo tu. Kioo kinanunuliwa.

IJUMAA, KABLA YA KING'ORA

Gari lenye kipaza sauti lilipita asubuhi likitangaza: leo mlipuko mkubwa, watu wasiogope. Mama Ernestine akakusanya simu zote, akazitia ndani ya sufuria, akafunika. Akafunga mlango wa mbele kwa kufuli. Ufunguo akauingiza kifuani.

Nkulu alishuka kwa kamba; Kabemba alikuwa amekwisha kumtangulia. Musafiri alikuwa juu, kamba mkononi, mashine ya hewa ikinguruma kando yake. Hii ndiyo sheria ya shimo: aliye chini anaishi kwa mkono wa aliye juu. Unaweza kugombana na mke wako, na padri, na chifu. Lakini na mshika kamba hugombani.

Alitambaa. Njia ilikuwa kazi yake mwenyewe, nyembamba, iliyonyooka, ina magogo kila penye udongo mlegevu. Lakini mahali pamoja kulikuwa na mifuko iliyopangwa ukutani, na kati ya mifuko ulipita upepo.

Upepo? Ukuta haupumui.

Akavuta mfuko wa kwanza. Akavuta wa pili. Nyuma yake tundu. Akaingiza kichwa, na mwanga wa taa yake ya kichwani haukugonga kitu. Ukaenda, ukaenda, ukapotea.

Ulikuwa ukumbi. Harusi ingechezwa mle. Kuta zilimetameta, nyeusi, buluu kwenye kingo, na mistari ya kijani ikipita katikati. Kobalti safi. Hapakuwa na gogo hata moja. Kulikuwa na nguzo moja tu ya udongo katikati, na Kabemba alikuwa amepiga magoti mbele yake akiila kwa burini, patasi ya chuma.

"Kabemba."

Kijana akaruka. Kisha akatabasamu.

"Vieux! Nilitaka kukuambia."

"Tangu lini?"

"Juma ya pili. Musafiri anajua. Anauzisha, tunagawa. Na wewe tutakugawia, mi naapa."

Sasa Nkulu akaelewa kwa nini mifuko ya udongo ilikuwa mizito kiasi kile, na kwa nini Musafiri hakuwa akilalamika. Lakini hakujibu. Alikuwa akisikiliza juu.

Viti vilikuwa vikikwaruza. Fimbo iligonga meza. Kisha sauti za watoto, kwa pamoja, zikitaja mito: Lualaba, Lufira, Luvua. Sauti moja ilikuwa ikiwatangulia wenzake kwa kila mto, kama mtu anayeogopa mto utamalizika kabla hajautaja. Nkulu aliijua sauti hiyo. Kila asubuhi ilimwomba sabuni.

Ukumbi wa Kabemba haukuwa chini ya depo. Ulikuwa chini ya kalasi ya sita.

"Wewe mupumbafu," akasema, polepole. "Nguzo ulikula."

"Milipuko ngapi zimepita, vieux? Haikuanguka."

"Ile zilikuwa ndogo. Leo inakuya kubwa."

Udongo kidogo ulidondoka kutoka darini, ukamwingia Kabemba kwenye kola. Kabemba akatazama juu. Tabasamu likamtoka. Akanyakua mfuko wake wa mwisho, akapenya tunduni, akatambaa kuelekea kamba, na hakugeuka nyuma.

KING'ORA CHA KWANZA

Kilimkuta Nkulu akitoka juu, nyuma ya Kabemba, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, tusimamishe."

"Kusimamisha nini? King'ora inalia, unasikia."

"Kabemba alichimba chini ya kalasi. Haina nguzo. Mulipuko ikipiga, batoto banaanguka mu shimo."

Mama Ernestine akamgeukia Kabemba. Akatazama mfuko. Akaufungua kwa vidole viwili, akatoa jiwe, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Mifuko ngapi?" akauliza.

Nkulu alidhani hakusikia vizuri. "Mama, batoto..."

"Mifuko ngapi, Kabemba?"

"Mingi kidogo, Mama."

"Mukaniibia mu nyumba yangu. Wewe na ule shingo." Musafiri akainamisha macho. "Tutaongea. Kazi kwanza." Kisha akamtazama Nkulu, kwa upole ule ule wa kupimia unga. "Fikiri muzuri, tata. Kalasi ikianguka, nani atatafuta tableti?"

Hata Kabemba aliweka mfuko chini.

"Abigaëlle eko mule," Nkulu akasema.

"Mungu eko. Shuka."

Nkulu aliutazama mlango. Kufuli. Aliutazama mkono wa Musafiri. Ulikuwa umekwisha kushika nondo. Angepigwa mara moja tu, kisha Kabemba angetumwa chini badala yake, na kule darasani mito ingeendelea kutajwa.

"Sawa, Mama," akasema. "Nashuka."

Alitambaa kama panya anayefukuzwa na moto. Chini ya depo sakafu ya saruji ilikuwa imekwisha kukwanguliwa, imebaki ganda. Mpango ulisema: ngoja king'ora cha tatu. Nkulu hakungoja. Akakamata nyundo kubwa, akapiga.

Juu ya ardhi, kila mtu alisikia.

Mama Ernestine naye alisikia. Nkulu alijua, kwa sababu mashine ya hewa ilinyamaza. Halafu kamba aliyokuja akiiburuta ikapita kwenye njia, ikijikokota kama nyoka anayerudi nyumbani, ikapotea. Mkono wa juu ulikuwa umemwacha.

Akapiga. Vumbi likawa mkate, akalimeza. Akapiga. Ganda likapasuka, mwanga ukaingia.

KING'ORA CHA PILI

Depo. Maboksi mpaka dari, kila moja na picha ya tableti. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa kwa nje. Lakini ukuta wa kalasi ulikuwa na matofali ya matundu, juu kabisa. Nkulu akapanda maboksi. Vioo vilivunjika chini ya buti zake, krash, krash, na hakuvionea huruma. Akaweka mdomo kwenye tundu.

"Tokeni! Kalasi inaanguka! Tokeni inje!"

Nyuso zikainuka. Watoto walikuwa wameziba masikio kama kila siku ya mlipuko. Mwalimu wao, ambaye ndiye prefe mwenyewe, tata Lukusa, hakushusha hata fimbo.

"Nani anapiga kelele mule? Kaeni! Ni king'ora tu. Munazoea."

"Prefe, mi naapa, chini ni wazi!"

"Kaeni, nimesema!"

Na wakakaa. Nkulu akawaona wanakaa, mmoja mmoja. Akamwona Abigaëlle, benchi la tatu, sare safi, sabuni yake. Hakuna aliyetaka kuokolewa. Basi ni kitu gani kinachomtoa mtu wa Kasulo mbio, mkubwa na mdogo, bila kuuliza swali la pili?

Akang'oa boksi, akatoa tableti, akaipenyeza nusu kwenye tundu waione ikimeremeta.

"Mi mwizi!" akapaza. "Mi naiba tableti zenu! Zote! Kamyoneti iko nyuma!"

Kalasi ikatapika. Madawati yalipinduka. Watoto walitoka kwa mlango, kwa madirisha, wakipiga mayowe ya mwizi, na wa kwanza wao kufika uwanjani alikuwa prefe Lukusa, kiatu kimoja. Kalasi za jirani zikafuata, maana neno hilo halihitaji tafsiri.

Mmoja tu alibaki. Alisimama katikati ya benchi zilizopinduka, anatazama tundu.

"Papa?"

"Toka, Abi."

Hakusogea. "Ni wewe mwizi?"

Hapo Nkulu angetoa pikipiki zote za jimbo la Lualaba apate jibu lingine.

"Ni mi. Kuya ufungue mulango. Papa eko anashindwa kupumua. Mbio, mama yangu, mbio!"

Akakimbia.

KING'ORA CHA TATU

Mlango wa chuma ulifunguliwa kwa ufunguo wa prefe. Mikono mingi iliingia. Wakamvuta Nkulu kwa miguu mpaka katikati ya uwanja, na wazazi waliokwisha kusikia mayowe walikuwa wanaruka ukuta. Teke la kwanza lilimpata ubavuni. La pili halikufika.

Dunia iliruka.

Kalasi ya sita haikuanguka kama nyumba inavyoanguka. Ilikaa chini, kama bibi aliyechoka. Kuta zilizama zimesimama, bati likapiga kofi moja, depo ikainama ikafuata na maboksi yake. Vumbi jekundu likapanda mpaka jua likawa chungwa.

Kisha prefe Lukusa akaanza kuita majina, kutoka kichwani. Wote wakaitika. Aliita mara ya pili, hakuamini.

Teke lingine halikuja. Waliomzunguka Nkulu walikuwa hawajui tena waende na miguu yao wapi. Mama mmoja akamwekea mkono kichwani, kisha akauondoa, kisha akamtukana. Ndipo mtu mmoja, aliyekwenda kuchungulia kama tableti zitapatikana, akapiga ukelele kutoka ukingoni:

"Kobalti! Jamani, ni nyeusi mpaka chini!"

Uwanja ukawa mtupu. Wazazi, walinzi, hata muuza maandazi wa getini, kila mtu alikuwa mbioni kwenda nyumbani kuchukua sululu. Aliyekuwa akimfunga Nkulu mikono aliacha kamba nusu. Walirudi wakiwa wengi kuliko walivyokwenda. Tableti zilitoka shimoni zikitupwa kando kama vigae. Ndani ya chache taa ziliwaka bado.

Polisi aliwasili juu ya pikipiki ya teksi, akijifunga mkanda.

"Mwizi eko wapi?"

"Mi hapa," Nkulu akasema. Alikuwa peke yake.

"Benzako?"

Musafiri na Kabemba walikuwa wamekwisha kushika barabara ya Fungurume na mifuko yao. Lakini Mama Ernestine hakuwa amekwenda popote. Alikuwa ukingoni mwa shimo, mikono ya blauzi imekunjwa, anawauzia wachimbaji mifuko mitupu ya unga, kwa bei iliyokuwa ikipanda kila alipofungua mdomo. Alimwona Nkulu anamtazama. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayemkatalia mtoto sukari.

"Ule wa mifuko," Nkulu akasema. "Shimo inaanzia mu chumba yake. Ufunguo iko mu kifua."

Mama Ernestine alipokuwa akipelekwa kufungwa pingu getini, watu watatu walimfuata wakidai chenji.

Polisi akarudi kwa Nkulu. Akatoa kalamu. Vumbi lilikuwa limemfunika uso mzima, mvi na damu na yote, angeweza kuwa mtu yeyote.

"Jina?"

Nkulu akafungua mdomo. Wanafunzi walikuwa wamesimama mstari, sare zao nyekundu kwa udongo, prefe akiwahesabu tena. Akafunga mdomo. Jina lake lilikuwa na mtu mwingine aliyelivaa, pale mstarini.

"Hutaki kusema?" Polisi akageukia mstari. "Ninyi! Kuna mutu anamujua huyu mwizi?"

Watoto wakatazama viatu vyao.

Mkono mmoja ukainuka, umenyooka, kama mtu anayeomba kujibu swali la mito.

"Mi," Abigaëlle akasema. "Ni papa yangu."